MHANDISI WA MATETEMEKO YA ARDHI: KAZI YAKE NA ELIMU YAKE

Kila mwaka wanafunzi wanaokaribia kumaliza masomo hujiuliza swali lile lile: nisome nini, nami nitafanya kazi gani? Wengi hutaja udaktari, sheria, ualimu na uhandisi. Lakini neno uhandisi ni kama neno kilimo. Ndani yake mna kazi nyingi mbalimbali. Katika somo hili tutaitazama kazi moja ambayo haitajwi mara nyingi kwetu, ingawa twaihitaji sana. Nayo ni kazi ya mhandisi aliyejifunza kuyafanya majengo, madaraja na mabwawa yastahimili matetemeko ya ardhi.

JE, JAMBO HILI LATUHUSU?

Huenda msomaji akasema kwamba matetemeko ni mambo ya Japani na Marekani. Sivyo. Ukitazama ramani ya Afrika ya Mashariki utaliona Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi hupita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa, na mkono wa mashariki hushuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania. Mahali hapo ardhi ya bara letu yatengana polepole, milimita chache tu kila mwaka. Miamba hujikaza kwa muda mrefu, kisha hukatika ghafula na kuteleza. Mshindo wa kuteleza huko ndio tunaouita tetemeko.

Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea tetemeko kubwa upande wa Rukwa, lenye kipimo cha 7.4. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka Subukia, katika Bonde la Ufa la Kenya. Mwezi wa Machi 1966 tetemeko la Toro, Uganda, liliua zaidi ya watu 100. Na siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera kwa kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yakapata nyufa au kuanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya hata ikabidi zijengwe upya.

Sasa tulinganishe. Kila hatua moja ya kipimo hiki huongeza nguvu ya tetemeko yapata mara 32, na hatua mbili huiongeza mara 1,000. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilitoa nguvu zaidi ya mara 150 kuliko lile la Kagera. Siku zile watu wa nyanda zile walikuwa wachache, na nyumba zao nyingi zilikuwa za miti na nyasi, nyepesi. Leo mahali pale pale pana miji, nyumba za matofali, maghorofa, hospitali na shule. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni sisi na nyumba zetu.

TETEMEKO HUFANYA NINI KWA NYUMBA?

Aghalabu kinachoua watu ni nyumba inayowaangukia. Mtu aliye uwanjani wakati wa tetemeko huenda akaanguka chini na kuinuka tena. Aliye chini ya paa zito hana bahati hiyo. Basi tujiulize: nyumba huangukaje?

Mjenzi wa kawaida hujenga ili kushindana na uzito. Uzito huvuta kuelekea chini siku zote. Matofali hupangwa moja juu ya jingine, ukuta hunyoshwa kwa timazi, na mzigo wote hushuka hadi kwenye msingi. Tofali na zege hustahimili sana kugandamizwa. Lakini tetemeko halisukumi chini tu. Hutikisa ardhi kwenda upande huu na upande ule. Msingi huenda pamoja na ardhi, hali paa na kuta za juu hutaka kubaki mahali zilipokuwa. Mwanafunzi wa fizikia hapa ataikumbuka sheria ya kwanza ya Newton. Ukisimama ndani ya basi, nalo likaondoka ghafula, miguu yako huenda na basi na kichwa chako hubaki nyuma. Nyumba nayo hupatwa na jambo hilo hilo, tena mara nyingi kwa mfululizo, mbele na nyuma.

Kutokana na sheria ya pili ya Newton twajua kwamba kani ni tungamo mara mchapuko. Maana yake ni kwamba nyumba nzito hupata msukumo mkubwa kuliko nyumba nyepesi, hata ardhi ikitikisika sawasawa. Tofali zito na zege nene, vitu ambavyo mwenye nyumba huviona kuwa ndivyo salama yake, ndivyo vinavyoongeza hatari ikiwa havikufungamanishwa.

ELIMU HII ILIPATIKANAJE?

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, na kila sehemu yake ililipiwa kwa maisha ya watu.

Tarehe 1 Novemba 1755 mji wa Lisbon, Ureno, uliangushwa na tetemeko, kisha ukachomwa moto na kufunikwa na mawimbi ya bahari. Wahandisi wa jeshi walioujenga upya, akina Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel, waliweka ndani ya kuta fremu za mbao zilizopigwa mikasi, yaani mbao mbili zinazopishana kama herufi X. Yasemekana kwamba walilijaribu jengo la mfano kwa kuwaamuru askari watembee kwa kishindo kulizunguka. Baadhi ya majengo ya aina hiyo yangali yamesimama Lisbon hadi leo.

Baada ya tetemeko la mwaka 1857 karibu na Naples, mhandisi wa Ireland aliyeitwa Robert Mallet alisafiri hadi huko akazipima nyufa za kuta na mielekeo ya vitu vilivyoanguka. Alilifanya gofu kuwa kitabu cha kusoma. Hata leo mhandisi wa kazi hii akisikia tetemeko limetokea, hutamani kufika upesi ayaone majengo kabla vifusi havijazolewa, kwa kuwa humo ndimo mlimo somo lake.

Huko Japani profesa Toshikata Sano alitoa kanuni rahisi ambayo wahandisi wa dunia nzima waliifuata. Alisema: chukua uzito wa jengo, uzidishe kwa sehemu fulani, kisha usanifu jengo liweze kusukumwa kwa upande na kani hiyo. Tuseme sehemu hiyo ni moja katika kumi. Jengo lenye uzito wa tani 1,000 lazima listahimili msukumo wa upande ulio sawa na uzito wa tani 100. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya Japani mwaka 1924.

Kwa nini mwaka 1924? Kwa sababu tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa 6 mchana, watu wakiwa wanapika chakula, tetemeko liliibomoa Tokyo na Yokohama, na moto ukala kilichosalia. Waliokufa walizidi 100,000. Lakini jengo kubwa la Benki ya Viwanda mjini Tokyo, lililokuwa jipya, lilisimama. Aliyelisanifu ni Tachu Naito, mwanafunzi wa Sano.

Habari ya Naito yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi. Mwaka 1917 alisafiri kwenda Marekani na sanduku kubwa la safari. Ndani yake mlikuwa na vibao vya kuligawanya. Njiani alivitoa vile vibao apate nafasi ya kutia vitu zaidi, na sanduku lake likavunjika. Mtu mwingine angelaumu wachukuzi. Naito alijiuliza kwa nini lilikuwa imara hapo kwanza, akatambua kwamba vibao vya ndani ndivyo vilivyolishikilia. Basi akaweka ndani ya majengo yake kuta imara za zege zilizotiwa chuma, kuanzia msingi hadi juu, kama vibao vya sanduku. Kuta za namna hiyo sasa hutumiwa duniani kote. Naito huyo huyo ndiye aliyesanifu Mnara wa Tokyo wenye urefu wa mita 333, uliokamilika mwaka 1958.

NYUMBA NA BEMBEA

Kanuni ya Sano ilikuwa na upungufu mmoja: haikusema kwamba majengo yana tabia mbalimbali. Mwanafunzi anaweza kujionea mwenyewe kwa jaribio hili. Chukua ubao wa urefu wa nusu mita. Simamisha juu yake waya ngumu tatu: moja ya sentimita 15, ya pili ya sentimita 25, na ya tatu ya sentimita 40. Bandika juu ya kila waya donge la udongo mfinyanzi, yote yawe na uzito mmoja. Sasa usukume ubao mbele na nyuma polepole. Utaona waya mrefu ukiyumba sana na mfupi ukitulia. Ongeza mwendo kidogo kidogo. Itafika wakati mrefu utulie na ule wa kati uyumbe. Ukiharakisha zaidi, mfupi ndio utakaoyumba.

Sababu yake ni kwamba kila kitu kina muda wake wa bembea moja. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa kufuata mwendo wake, ataruka juu hata kwa msukumo mdogo. Ukimsukuma ovyo, hutapata kitu. Kwa kukisia tu, jengo la ghorofa 10 huchukua yapata sekunde moja kwa bembea moja, na nyumba ya chini huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Maurice Biot na George Housner, waliofanya kazi California, ndio walioigeuza elimu hii kuwa hesabu ambayo mhandisi wa kawaida aweza kuitumia mezani kwake.

Asiyeamini umuhimu wa hesabu hiyo na atazame mji wa Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lilitokea pwani, zaidi ya kilometa 300 kutoka mjini. Lakini sehemu ya mji huo imejengwa juu ya ziwa la kale, na chini yake mna udongo laini. Udongo huo ukatikisika kama bakuli la uji, kila bembea ikichukua yapata sekunde mbili. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi, kwa sababu yalifuatana na mwendo wa udongo. Maelfu ya watu wakafa. Lakini mnara uitwao Torre Latinoamericana, wenye ghorofa 44, uliokamilika mwaka 1956, haukudhurika. Msanifu wake, Leonardo Zeevaert, alikuwa ameuchunguza udongo ule vizuri kabla ya kujenga, na alisaidiwa na profesa Nathan Newmark wa Marekani. Somo lake ni hili: urefu wa jengo hauonyeshi peke yake hatari yake. Hapana budi kuufahamu udongo na jengo pamoja.

KUPINDA BILA KUANGUKA

Chukua kipande cha chaki na kipande cha waya. Vunja chaki: hukatika ghafula bila kutoa ishara. Pinda waya: hupinda, hurudi, hupinda tena, wala haukatiki upesi. Mhandisi wa matetemeko hutaka jengo lenye tabia ya waya.

Zege peke yake ni kama chaki. Nondo ndani ya zege huipa tabia ya waya, lakini kwa sharti moja: nondo zifungwe kwa ringi zilizo karibu karibu, hasa juu na chini ya kila nguzo na mahali boriti inapokutana na nguzo. Ringi hizo huizuia zege isitawanyike na nondo zisibenuke. Fundi asiyejua huona ringi ni kitu kidogo, naye huziachanisha ili kuokoa chuma. Kumbe uhai wa nguzo umo katika ringi!

Wahandisi wa New Zealand, hasa Robert Park na Thomas Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury, waliendeleza wazo hili. Walifundisha kwamba msanifu achague mapema sehemu zitakazolegea kwanza, naye azitie chuma cha kutosha ili zipinde bila kukatika. Zilegee boriti, zisilegee nguzo. Boriti moja ikipasuka, chumba kimoja huharibika. Nguzo ikivunjika, jengo zima hushuka. Kwa sababu hiyo ni hatari kuiacha ghorofa ya chini wazi kwa ajili ya maduka au magari, ikishikiliwa na nguzo nyembamba tu, hali juu yake kuna kuta nzito.

New Zealand ndiko pia alikotoka Bill Robinson, aliyebuni matakia ya mpira na chuma yenye kiini cha risasi. Matakia hayo huwekwa kati ya msingi na jengo. Ardhi ikitikisika, matakia huyumba na jengo juu yake hutikisika kidogo tu. Jengo la William Clayton mjini Wellington, lililokamilika mwaka 1981, lilikuwa la kwanza kukalia matakia ya aina hiyo.

Lakini mwanafunzi asidhani kwamba usalama ni wa matajiri tu. Katika nyumba ya chini, mkanda wa zege yenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, paa jepesi lililofungwa barabara kwenye kuta, kona zilizofungamanishwa, na madirisha yasiyokaribiana sana na pembe, hayo peke yake huokoa maisha. Mhandisi mwema ni yule awezaye kumfundisha fundi mwashi wa kijijini mambo hayo kwa lugha anayoielewa.

SHULE

Tarehe 10 Machi 1933, saa 11 na dakika 54 jioni, tetemeko lilipiga Long Beach, California. Shule zipatazo 70 zilibomoka. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Watu wa huko walipoziona kuta zilizoangukia madawati walitambua ambavyo ingekuwa kama tetemeko lingetokea mapema siku ile. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Aprili 1933, ilipitishwa sheria ya majengo ya shule. Ramani za kila shule ya serikali lazima zikaguliwe na ofisi ya jimbo; lazima awepo mkaguzi wakati wa kujenga; na wahusika lazima waandike, kwa kubanwa na sheria ya kiapo, kwamba kazi imefanywa kama ilivyochorwa.

Si kila mahali palipata bahati hiyo. Mwezi wa Oktoba 2005, katika Kashmir upande wa Pakistani, tetemeko lilitokea asubuhi watoto wakiwa darasani, na maelfu yao wakafa. Mwezi wa Mei 2008, Sichuan, China, lilitokea mchana siku ya Jumatatu; zaidi ya wanafunzi 5,000 walikufa au kupotea. Mwezi wa Aprili 2015 Nepal ilipatwa siku ya Jumamosi, na maelfu ya madarasa yaliyobomoka yalikuwa matupu. Hata Kagera ilikuwa Jumamosi.

Hatuwezi kuomba kila tetemeko lije Jumamosi. Huko Nepal, kabla ya mwaka 2015, wahandisi walikuwa wameimarisha shule kadhaa za zamani kwa kuzifunga kuta zake kwa wavu wa chuma na saruji. Shule hizo zilisimama, na baadhi yake zikawa kimbilio la majirani. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

KAZI ZA KILA SIKU

Basi mhandisi huyu hufanya nini aamkapo asubuhi?

Kwanza, husanifu majengo mapya, akishirikiana na msanifu wa ramani na mkandarasi. Hupiga hesabu, huchora, kisha huenda kazini kuhakikisha kwamba ringi zimefungwa kama zilivyochorwa.

Pili, huchunguza ardhi. Mwaka 1964 mjini Niigata, Japani, mchanga uliojaa maji uligeuka kama uji tetemeko lilipotokea, na majengo ya ghorofa yakalala ubavu bila kuvunjika. Kuta zilikuwa nzima. Ardhi ndiyo iliyoshindwa.

Tatu, huimarisha majengo ya zamani. Kazi hii ni ngumu kuliko kujenga upya, kwa maana lazima kwanza ajue kilichomo ndani ya ukuta asioweza kuuvunja.

Nne, hukagua majengo baada ya tetemeko. California ilianzisha utaratibu wa kadi za rangi tatu, nao umeigwa na nchi nyingine: kijani ni ruhusa kuingia, manjano ni kuingia kwa masharti, na nyekundu ni marufuku. Fikiri uzito wa kazi hiyo: mama na watoto wamesimama nje kwenye mvua, nawe ndiwe unayebandika kadi.

Tano, huandika na kurekebisha kanuni za ujenzi. Sita, hufanya utafiti. Baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua zaidi ya watu 6,400, Japani ilijenga karibu na mji huo meza kubwa ya kutikisa majengo, yenye mita 20 kwa 15. Meza hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2005, huweza kubeba nyumba halisi hadi tani 1,200 na kuitikisa hadi ianguke, ili watu wajifunze bila mtu kufa.

UAMINIFU

Kazi hii ina jambo moja la ajabu. Daktari akikosea, kosa hujulikana upesi. Mhandisi wa matetemeko akikosea, kosa laweza kulala ukutani miaka 30 bila kujulikana. Mwenye nyumba haoni ringi zilizopungua, mpangaji haoni, hata mhandisi mwenyewe aweza kustaafu kwa heshima. Siku ya tetemeko ndiyo siku ya mtihani.

Tarehe 22 Februari 2011 mjini Christchurch, New Zealand, walikufa watu 185. Kati yao 115 walikufa katika jengo moja la ghorofa sita, lililojengwa katika miaka ya 1980. Tume iliyochunguza iliona kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro, na kwamba kibali hakikustahili kutolewa. Hiyo ni nchi ya Park na Paulay! Elimu ilikuwako, na vitabu vilikuwako. Katika mji huo huo hospitali ya wanawake, iliyojengwa juu ya matakia ya mpira, iliendelea na kazi.

Tazama pia mwaka 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko la 7.0 lilipiga Haiti, karibu na mji mkuu, likaua zaidi ya watu 100,000. Tarehe 27 Februari tetemeko la 8.8 lilipiga Chile. Nguvu yake ilikuwa yapata mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa yapata 525. Ni kweli kwamba la Haiti lilikuwa karibu zaidi na watu wengi. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizorekebishwa baada ya kila tetemeko, wahandisi wa kutosha, na sheria inayowabana wajengaji. Haiti haikuwa na kanuni zilizofuatwa. Kanuni bila mkaguzi ni karatasi, na mkaguzi anayepokea bahasha ni hatari kuliko kukosa mkaguzi, kwa sababu watu watalala usingizi wakimtegemea.

ELIMU INAYOTAKIWA

Mwanafunzi atakaye kazi hii na ashike kwanza hisabati na fizikia. Bila hizo mlango hufungwa mapema. Kemia itamsaidia kuijua saruji na kutu ya chuma, na jiografia itamfundisha habari za miamba na Bonde la Ufa. Asiidharau lugha pia, kwani ripoti isiyoeleweka haimwokoi mtu.

Baada ya kidato cha sita huingia chuo kikuu kusoma uhandisi wa ujenzi. Hapa Tanzania ni miaka minne, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Kisha hufanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, kabla ya kuandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wa chuo cha ufundi naye ana njia yake, na aweza kupanda hatua kwa hatua.

Ubobezi wenyewe hupatikana baadaye. Chuo cha Roorkee, India, kilianza kufundisha uhandisi wa matetemeko mwaka 1960. Japani ilianzisha mwaka 1962 taasisi ya kimataifa, ambayo sasa iko Tsukuba, na wahandisi wa nchi nyingi zinazoendelea wamepata mafunzo huko. Mtu akirudi kutoka huko na elimu hiyo, asiifungie ofisini. Nchi yenye mafundi wengi wanaojenga bila ramani haimhitaji mhandisi wa minara peke yake. Yamhitaji pia yule atakayesimama na fundi penye msingi wa darasa la kijiji na kumwonyesha jinsi ya kufunga nondo za kona.

Sifa yake haitakuwa kubwa. Jengo lililosimama halipigwi picha. Watoto watatoka darasani wakiwa na vumbi vichwani, watahesabiwa, na hesabu itatimia. Wala hakuna atakayeuliza ni nani aliyezifunga ringi za nguzo zile.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jengo lina uzito wa tani 600. Kwa kufuata kanuni ya Sano, na sehemu ya moja katika kumi, ni msukumo gani wa upande linalopaswa kustahimili?

2. Eleza kwa nini mwaka 1985 majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yaliumia zaidi mjini Mexico kuliko mnara wa ghorofa 44.

3. Kwa nini mhandisi hupenda boriti ilegee kabla ya nguzo?

4. Zunguka darasa lenu ukiangalia paa, pembe, madirisha na nyufa. Andika mambo matatu ambayo ungemwuliza mhandisi kama angefika kulikagua.